Naombeni ushauri: darubini ya zamani ya Jena 8x30 kwa laki tatu na nusu, au mpya ya dukani?

Dereva_Karatu

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa mtu anayezijua darubini, hasa hizi za zamani zenye mabega mapana.

Mimi ni dereva-mwongozaji, huu ni mwaka wangu wa pili, nakaa Karatu. Mpaka sasa natumia darubini ya ofisini, na msimu ukichanganya naikuta imeshaondoka na gari jingine. Wiki mbili zilizopita nilikuwa na familia moja kreta ya Ngorongoro. Mtoto wao wa miaka tisa akaninyooshea kidole kitu cheusi kule mbali, upande wa msitu wa Lerai, akauliza ni faru au nyati. Nilikuwa na macho yangu tu. Nikasema nyati. Dakika chache baadaye redio ikaita: faru, Lerai. Wageni hawakunilaumu, lakini usiku ule sikupata usingizi. Nimeamua kununua yangu.

Nimepata mbili. Ya kwanza anauza mzee mmoja mstaafu hapo Arusha. Imeandikwa Jenoptem 8x30W, Carl Zeiss Jena, na chini yake DDR, yaani ile Ujerumani Mashariki ya zamani. Ina mkoba wa ngozi wa kahawia. Anataka 350,000. Ya pili ni mpya, iko dukani, 10x42, mabomba yake yamenyooka, imeandikwa haiingii maji, 400,000. Jina la kampuni sijawahi kulisikia.

Swali langu: kitu chenye umri kuliko mimi kinaweza kweli kushinda kipya? Na kama nikienda kuiona hiyo ya zamani Jumamosi, niangalie nini kabla sijatoa hela? Vumbi letu mnalijua, nalo linanipa hofu.

Njiro_Boy

Mkuu chukua mpya. Ina risiti, haiingii maji, inavuta mara kumi badala ya nane. Ya DDR ikikufia utampata wapi fundi? Nchi yenyewe haipo tena.

MzeeWaKreta

Kijana wangu wa Karatu, hilo la faru limewahi kumpata kila mmoja wetu aliyefanya kazi kreta, usilibebe moyoni. Naendesha wageni tangu 1991, na tangu 1994 darubini yangu ni hiyohiyo unayoiulizia. Nilipewa na mgeni wa Kijerumani asubuhi ya kuagana, pale uwanja mdogo wa ndege wa Seronera. Aliivua shingoni akanivisha mimi. Rangi nyeusi imelika kwenye kingo mpaka bati jeupe linaonekana, na ile ngozi ya bandia upande wa kulia nimeibandika upya mara mbili. Picha yake ni ileile ya siku ya kwanza. Kwa hiyo ujue anayekujibu anaipenda, ila nakupa sababu uzipime mwenyewe.

Anza na hayo mabega. Ndani ya kila bega mna vipande viwili vya kioo vya pembetatu, ndivyo vinaitwa prizimu. Mwanga unaingia mbele, unageuzwa mara nne, unatokea jichoni ukiwa umesimamisha picha wima. Hizo mara nne zote unageuzwa na kioo chenyewe kwa asili yake. Hakuna uso uliopakwa fedha wala dawa ya kuakisi, ndiyo maana haupungui pale. Mpango huo aliusajili Mwitaliano Ignazio Porro mwaka 1854, na mwaka 1894 Zeiss wa Jena, wakiwa na Ernst Abbe, wakautoa kama darubini ya kuuzwa. Umri wake hauna shida, ni wazo lililokuwa sahihi tangu mwanzo.

Hizo zilizonyooka zina prizimu ya aina nyingine, inaitwa ya paa. Ni nyembamba na inakaa vizuri mkononi, lakini kuitengeneza vizuri ni kazi ya gharama. Nyingi lazima uso mmoja upakwe kitu cha kuakisi, na ule ukingo wa paa uchongwe kwa usahihi mkubwa. Juu ya hapo mwanga hugawanyika pande mbili za paa na kukutana tena ukiwa umepishana kidogo, ukali wa picha unafifia. Dawa ya kupaka ya kurekebisha hilo Zeiss waliitoa 1988 tu. Darubini ya paa ya mamilioni ina yote hayo na ni nzuri kweli, nimeshika za wageni najua. Ya laki nne, kuna mahali wamebana matumizi, na mahali hapo ni ndani, ambako huwezi kuona ukiwa dukani.

Ndugu yangu Njiro_Boy amesema inavuta mara kumi. Kwenye Land Cruiser yenye wageni sita wanaosogea, mara kumi ni tetemeko. Kila inachokuza, inakuza na mtikisiko wa mkono wako. Mara nane unaishika bila kuegemea, na uwanja wake ni mpana: Jenoptem inakuonyesha upana wa mita 150 ukiwa umbali wa kilomita moja. Kazi yetu ya kwanza ni kutafuta, kukazia macho huja baadaye. Uwanja mpana ndio unaokupa sikio la simba pembeni ya picha wakati wewe unatazama pundamilia.

Kuna kitu kingine ambacho hakiandikwi kwenye boksi. Kwa kuwa vioo vya mbele vimeachana kuliko macho yako, kina cha mahali kinaonekana zaidi. Chui akiwa amelala juu ya mwegea saa nne asubuhi, mwanga umetobokatoboka kwenye majani, madoa yake na vivuli ni kitu kimoja. Kwa hii yenye mabega, matawi yanasimama kwa zamu, hili mbele, lile nyuma, na katikati yake unaona kitu cha mviringo ambacho si tawi. Nimewapata chui wengi kwa namna hiyo.

Kuhusu ile 30, ambayo ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, gawanya kwa 8 unapata 3.75. Hiyo ni milimita za duara la mwanga linalotoka kuja jichoni. Mchana kwenye jua letu mboni ya jicho hujifunga mpaka milimita mbili au tatu, kwa hiyo mwanga unakutosha na kubaki. Giza likiingia 42 au 50 itaishinda, lakini saa kumi na mbili jioni wewe unatakiwa uwe umeshapanda kutoka kreta.

Sasa Jumamosi. Nenda mchana, mwambie mzee mtoke nje, uwe na simu yenye tochi.

Kitu cha kwanza kabla ya vyote ni kama mabomba mawili yanatazama sehemu moja. Sisi madereva tunajua gari lililopoteza alaimenti linavyokula tairi; darubini iliyopoteza alaimenti inakula kichwa. Tafuta mstari mlalo ulio mbali, waya wa umeme au ukingo wa paa la bati. Fokasi vizuri, kisha bila kuacha kutazama, isogeze darubini polepole kutoka usoni, sentimita kumi hivi, mpaka uone maduara mawili yaliyoachana. Waya utokee duara la kushoto na kuendelea duara la kulia kwa kimo kilekile. Ukiona umeruka ngazi, mmoja juu mwingine chini, mrudishie mzee darubini yake kwa heshima. Macho yanaweza kujikunja kuelekea puani kwa urahisi, kwenda nje kidogo sana, lakini moja juu na jingine chini karibu hayawezi. Ubongo utalazimisha picha ziungane, wewe utaona sawa kwa dakika tano, na jioni utameza vidonge.

Hilo nalijua mwilini. Mwaka 2003 yangu ilikuwa ngumu kuzungusha, nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini aliyekuwa akitengeneza kamera. Alikuwa na mikono mizuri, ila alizitoa prizimu azifute, akazirudisha bila kuweka alama zilikaa vipi. Iling'aa kama mpya. Nikaingia nayo Serengeti safari ya siku sita. Siku ya pili kichwa kilianza nyuma ya jicho la kulia, siku ya nne nikawa natapika, nikadhani ni malaria, nikapimwa hakuna kitu. Nilipoiacha ndani ya gari siku moja nzima maumivu yakaisha, ndipo nikaelewa. Ilikaa kabatini miezi kumi na moja mpaka mgeni mmoja alipoibeba kwenda nayo Ujerumani ikanyooshwa na watu wenye mashine ya kupimia.

Ukishapita mtihani wa waya, washa tochi ya simu, ielekeze ndani kupitia kioo cha mbele, wewe chungulia ukiwa upande wa jichoni, kisha geuza ufanye kinyume. Vumbi chembechembe usiliogope, kila darubini ya umri huo inalo, wala halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzinyuzi kama utando wa buibui au mizizi ya nyasi. Huo ni ukungu unaoota. Unatoa asidi inayokula dawa iliyopakwa kwenye kioo, na hata ukifutwa alama yake inabaki. Kitu kingine ni utusitusi sare kama pumzi iliyoganda. Mara nyingi ni mvuke wa grisi ya zamani iliyopata joto. Huo unaweza kusafishwa, lakini ni hoja ya kupunguza bei.

Tazama pia rangi ya taa inayorudi kutoka kwenye vioo. Iwe ya bluu au zambarau kwa zile za zamani zaidi, na kwa zilizopakwa tabaka nyingi utaona na kijani. Ukiona kuna taa inarudi nyeupe pe, uso huo haujapakwa, na uso mtupu hupoteza kama asilimia 4 ya mwanga. Zidisha hiyo kwa nyuso kumi uone kinachobaki.

Kisha ishike kwa urefu wa mkono, uielekeze kwenye anga jeupe, jua ukilipa mgongo. Yale maduara mawili ya mwanga yawe ya mviringo kamili. Kama yamekatwa pande ukayaona ya mraba yenye vivuli, prizimu ni za kioo hafifu au kuna moja imehama.

Mwisho bonyeza kidole juu ya kipande kimoja cha jichoni huku unatazama. Picha ikipotea na kurudi, daraja linaloshika vipande hivyo limelegea. Na zungusha gurudumu la katikati mwanzo hadi mwisho. Ugumu kidogo si kitu.

Laki tatu na nusu kwa iliyofaulu hayo ni bei ya haki. Kwa iliyofeli waya, hata elfu hamsini ni ghali.

Nikigusa maji: hapo Njiro_Boy yuko sahihi. Hizi hazijazibwa. Na zina tabia moja unayopaswa kuielewa, ukizungusha gurudumu vile vipande vya jichoni vinatoka na kuingia kama bomba la baiskeli, na kila vinapotoka vinavuta hewa ya nje. Ukifokasi ndani ya wingu la vumbi la gari lililokupita, umevuta vumbi hilo ndani. Mimi gari likija tunapishana, mkono unaachia gurudumu na darubini inaingia chini ya shati mpaka vumbi litulie.

Na vumbi la Ndutu na Olduvai si vumbi la kawaida. Ile nyanda ni majivu ya volkano, ya Kerimasi na Oldoinyo Lengai, kwenye kioo ni msasa. Usifute kamwe lenzi kavu, si kwa shati, si kwa kanga ya mama, si kwa tishu ya chooni. Kwanza inamishe lenzi itazame chini, upulize kwa kile kipulizio cha mpira, mdomo hapana maana mate yatafuata. Halafu brashi laini, ile ya manyoya, ambayo hujawahi kuigusa ncha kwa vidole. Ikibaki alama ya mafuta ya kope ndipo tone la dawa ya lenzi kwenye kitambaa safi, si kwenye kioo chenyewe, maana litateleza likaingia ukingoni. Zungusha kutoka katikati kwenda nje, mara moja, geuza kitambaa. Mimi nafanya hivyo kama mara tatu kwa mwaka. Kupuliza ndiko kwa kila jioni.

Usiiache juu ya dashibodi. Grisi ya ndani huyeyuka, ikatembea mpaka kwenye prizimu. Na asubuhi ukitoka ukingoni mwa kreta, kule mita 2,300 kwenye baridi na ukungu, ukashuka mita 600 kwenda chini kwenye joto, iache ndani ya mfuko wake mpaka bati lake lipate joto. Ukiitoa mapema itatoka jasho, na jasho la ndani hulifikii.

Jambo dogo la kazi. Wageni wataiazima, na kila mtu ataigeuza ile pete ya jicho la kulia. Ukishaipata, fumba jicho la kulia, fokasi la kushoto kwa gurudumu. Fumba la kushoto, malizia la kulia kwa pete. Kisha weka nukta ya rangi ya kucha kwenye pete na nyingine kwenye bomba. Yangu ina nukta nyekundu ya mke wangu tangu 1996. Ikirudi kutoka kwa mgeni, sekunde moja nimeshazikutanisha, hata gizani kwa kidole.

Kilindini_Mate

Assalaam aleikum ndugu zangu wa bara. Mimi ni wa baharini, Mombasa, na Mzee amesema kweli tupu. Naongeza la pwani, pengine litamfaa msomaji mwingine.

Kwenye meli twatumia 7x50, nazo ni za mabega vilevile. Hamsini kwa saba ni milimita saba na kitu, jicho la kijana usiku hufunguka hivyo. Wakati wa zamu ya alfajiri waiona taa ya boya kabla macho matupu hayajajua kuna boya. Na hizo zetu hazina gurudumu la katikati. Kila jicho lafokasiwa peke yake, mara moja, kuanzia hapo kila kitu cha mbali kiko sawa. Kwa hivyo huwa hazipigi lile bomba la baiskeli alilolieleza Mzee, zazibwa kabisa na kujazwa naitrojeni. Ikirukiwa na maji ya chumvi naisuuza kwa maji baridi ya mfereji, chumvi yote ishuke, kisha nafuta. Hiyo Jenoptem usiisuuze hata siku moja!

Ila nataka kusema juu ya ule mkoba wa ngozi. Marehemu baba alikuwa na 7x50 aliyoitunza kama yai, ndani ya mkoba wake wa ngozi, ndani ya kabati, nyumba yetu ya Mji wa Kale. Alipofariki tuliufungua mkoba, harufu ilitosha. Ngozi ilikuwa na unga wa kijani, na vioo vya ndani vimefumwa utando kutoka ukingo hadi ukingo. Aliihifadhi kwa mapenzi na mapenzi hayo ndiyo yaliyoiua, kwani ngozi hunywa unyevu na kuushikilia. Mkoba uwe pambo la ukutani. Darubini mimi naiweka kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vijiwe vya kukausha unyevu. Vyangu ni vya bluu, vikigeuka waridi navikausha kwenye kikaango moto mdogo mpaka virudi bluu. Watu huniambia tumia mchele. Mchele una unga, na unga ni chakula cha ukungu.

Dada_wa_Amani

Shikamoo Mzee. Nami niseme kidogo kwa upande wa wanaovaa miwani, maana hakuna aliyetugusa.

Mimi ni mtazama ndege, niko Usambara Mashariki. Nilinunua Jenoptem kwa sababu hizohizo, na nje ilikuwa nzuri mno. Lakini nikiwa na miwani jicho linakaa mbali na kioo, na darubini hii inataka jicho karibu. Nilikuwa naona kama nachungulia tundu la ufunguo. Ule upana wote wa mita 150 haukuwa wangu. Nikivua miwani ni sawa, ila hapa chozi wa Amani ni kidole gumba chenye mabawa, yuko juu kabisa ya mti, na kabla sijavua miwani na kuinua darubini ameshahama. Pia haifokasi karibu. Kipepeo wa hatua tatu kwako ni wingu la rangi. Niliiuza, nikajichanga miaka miwili nikanunua ya paa 8x42, ya bei ya kuumiza. Sijutii, ingawa kile kina anachokisema Mzee nakikosa mpaka leo, hasa ndani ya msitu.

Kwa hiyo Dereva_Karatu, kama unavaa miwani, jaribu nayo usoni. Kama huvai, nakubaliana na Mzee neno kwa neno.

MzeeWaKreta

Marahaba binti yangu. Hilo ni la kweli na ningepaswa kulisema. Zipo za mabega zilizotengenezwa kwa ustadi wa juu zikiwa na umbo hilihili, Nikon 8x30 E II yenye uwanja wa digrii 8.8 na uzito wa gramu 575, na Habicht ya Swarovski kutoka Absam, Austria, ambayo hata maji haiingii. Nimetazama kwa zote mbili kupitia wageni. Lakini kwa miwani nazo zinabana, na bei yake kwa kijana wa mwaka wa pili ni mtihani.

Dereva_Karatu

Wakuu, nimerudi kutoka Arusha. Mzee shikamoo, na asante kwa kila neno, nilikuwa nimeliandika kwenye daftari. Dada, miwani sivai.

Mzee wa watu alinipokea vizuri, tukatoka uani. Waya wa umeme ulikuwa hapo hapo ng'ambo ya barabara. Nilirudia mara nne maana niliogopa kujidanganya: duara la kushoto, duara la kulia, waya ule ule, kimo kile kile. Nikamwomba na yeye ajaribu, akasema ameitumia tangu akiwa serikalini na hakuwahi kujua kuna kupima namna hiyo.

Tochi ilionyesha vumbi kiasi, nyuzi hakuna kabisa. Ila bomba la kushoto lina utusi, kama pumzi, upande wa ndani wa kioo cha mbele. Ukilinganisha macho mawili unaona kushoto weusi wa kunguru unakuwa kijivu. Gurudumu ni gumu, asubuhi kwenye baridi zaidi. Maduara ni ya mviringo. Nilimwonyesha ule utusi mwenyewe kwa tochi, hakubisha. Tukakubaliana 280,000.

Niliposimama pale uani nikaitazama Meru. Nilikuwa nimeiona Meru maisha yangu yote. Sikuwahi kujua kwamba kuna bonde nyuma ya lile bega la mashariki, nilidhani ni ukuta mmoja.

Sasa swali la mwisho. Rafiki yangu ana bisibisi ndogo na ile dawa ya kupuliza ya kulainisha kutu, anasema dakika kumi gurudumu litakuwa laini na utusi tutaufuta. Nimpe?

MzeeWaKreta

Hapana, hapana. Usimpe, na dawa ya kupuliza isikaribie kabisa. Itailegeza grisi leo, na kesho itapanda kama mvuke mpaka kwenye prizimu, upate utusi kwenye mabomba yote mawili.

Na kioo cha mbele kisifunguliwe hivi hivi. Kwenye hiyo Jenoptem kila lenzi ya mbele imekaa ndani ya pete mbili ambazo kitovu chake hakiko katikati. Kiwandani walizizungusha moja ndani ya nyingine mpaka mabomba yakatazama sehemu moja, ndiyo alaimenti yenyewe. Ukizigeuza kwa upana wa ukucha bila alama, waya wako wa umeme utaruka. Inafunguka, lakini kwa kuchora mstari mwembamba kwenye kila pete kabla ya kugusa, lenzi ifutwe, irudi mstari kwa mstari, kisha upimwe waya tena palepale kabla ya kubana. Gurudumu unalisafisha kwa kuitoa grisi ya zamani yote na kupaka mpya kidogo sana, kiasi cha kichwa cha kiberiti.

Kwa sasa itumie hivyo hivyo. Ikiwa ngumu asubuhi, ishike kifuani dakika kumi kabla ya kuondoka lango la Lodoare, lile la kuingilia Ngorongoro. Jumapili ijayo nashuka Karatu kanisani, misa ya pili. Njoo nayo baada ya hapo na utafute meza yenye mwanga, kitambaa cheupe cha kutandika, na sindano ya kuchorea alama. Tutaifungua pamoja, upande mmoja tu, ule wa kushoto. Wa kulia hauna shida, hatuugusi.

Dereva_Karatu

Nitakuwepo mzee wangu. Meza ipo barazani kwa mama, na waya wa umeme unaonekana kutoka pale.